Mpangaji Katika Mpango: Lugha na Sera za Makazi ya Bei Nafuu Machakos na Mavoko

Utangulizi

Kitenzi -panga kimeipa lugha ya Kiswahili maneno matatu yanayokutana katika kila mradi wa makazi. Mtu anayeishi katika chumba cha kukodi na kulipa kila mwisho wa mwezi huitwa mpangaji. Mtaalamu anayechora ramani ya mji na kuamua barabara ipite wapi na mtaro uchimbwe wapi huitwa mpangaji vilevile. Hati inayotoka mezani kwa mtaalamu huyo ndiyo mpango. Kama -panga ya kukodi na -panga ya kuratibu ni kitenzi kimoja chenye maana mbili au ni vitenzi viwili vilivyofanana kwa umbo, hilo ni suala la wanaleksikografia na si la makala haya. Linalohitaji kutazamwa hapa ni kwamba wapangaji hawa wawili wameshiriki jina kwa muda mrefu bila kushiriki meza. Mipango mingi ya makazi nchini Kenya imeandikwa na mpangaji wa pili kwa ajili ya mwenye jengo, na mpangaji wa kwanza, ambaye ndiye anayelala ndani ya jengo hilo, akabaki pembeni.

Makala haya yanachunguza mipango ya serikali ya nyumba za bei nafuu na ya kuboresha mitaa kama ilivyotekelezwa katika eneo la Machakos, hususan katika manispaa za Machakos na Mavoko. Uchunguzi unatazama mambo mawili kwa pamoja: yale yaliyotendwa, na msamiati uliotumiwa kuyaeleza. Machakos imeteuliwa kwa sababu ndani ya kaunti hii moja mna mji mkongwe wa utawala unaokua polepole na mji wa viwanda uliofurika watu kutoka Nairobi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2009, kaunti ilikuwa na watu 1,098,584. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,421,932. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo iliangukia upande wa Mavoko, ambako wilaya ndogo ya Athi River peke yake ilikuwa na watu 322,499.

Mji Uliotangulia Nairobi

Machakos ni mkubwa kwa Nairobi kiumri. Jina lake linatokana na Masaku, kiongozi wa Wakamba, na lilipindwa na ndimi za wageni hadi likawa kama lilivyo leo. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapa katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kuanzia mwaka wa 1892 John Ainsworth alikiendesha kama makao ya utawala wa bara. Reli ilipopita mbali na vilima vya Machakos na kufika Nairobi mwaka wa 1899, makao hayo yalihamishwa. Inasimuliwa kwamba Syokimau, nabii wa kike wa Wakamba, alikuwa ametabiri ujio wa nyoka mrefu wa chuma. Jina la nabii huyo sasa ni jina la kituo cha treni na la mtaa ndani ya Mavoko, na mtaa huo utarejelewa baadaye katika makala haya kwa sababu isiyo ya utabiri.

Sera ya kikoloni ilimchukulia Mwafrika wa mjini kama mpita njia. Alikuja kufanya kazi, akabeba kipande chake shingoni, na alitarajiwa kurudi kijijini kazi ikiisha. Kwa hiyo alijengewa chumba kimoja kisicho na nafasi ya mke wala watoto, ama hakujengewa chochote. Ripoti iliyoandikwa na Ernest Vasey mwaka wa 1950 kuhusu makao ya Waafrika katika miji midogo na vituo vya biashara ilikiri kwamba mtazamo huo haungeweza kuendelea, na mwaka wa 1953 ikaundwa Bodi Kuu ya Nyumba. Bodi hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa Shirika la Kitaifa la Nyumba mwaka wa 1967.

Hapa lugha ya Kikamba inatoa mwanga. Neno musyĩ humaanisha nyumbani, yaani boma la ukoo lenye shamba na makaburi ya wazee. Chumba cha kupanga mjini si musyĩ hata mtu akikaa humo kwa miaka thelathini. Mzungumzaji wa Kiswahili cha Kenya hufanya vivyo hivyo anapouliza, “Unakaa wapi?” na kisha, “Na nyumbani ni wapi?” Maswali hayo mawili hutarajiwa kuwa na majibu mawili. Mtu anaweza kusema kwamba huo ni utamaduni tu. Hata hivyo, sera iliyokataa kwa nusu karne kumtambua mfanyakazi kama mkazi wa mji ilichangia kuutia nguvu utamaduni huo, na athari yake ni kwamba mpangaji mwenyewe huwa wa mwisho kudai haki mahali asipopaita nyumbani.

Tarakimu za Wakati Ujao

Baada ya uhuru, waraka wa bunge kuhusu sera ya nyumba wa mwaka wa 1966/67 uliweka lengo la kuondoa mitaa duni na kuwajengea wananchi nyumba zinazofaa. Katika miaka ya sabini mkondo ulibadilika. Mradi wa Dandora jijini Nairobi, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulitoa viwanja takriban 6,000 vyenye maji na maji taka, ili kila familia ijijengee yenyewe kadiri ya uwezo wake. Mbinu hii ya viwanja na huduma ilikuwa na busara yake, ingawa haikupita muda kabla ya wenye fedha kununua viwanja hivyo na kupangisha vyumba kwa wale wale waliokusudiwa kuwa wamiliki.

Tangu hapo sera imezungumza kwa tarakimu. Sera ya Kitaifa ya Nyumba, iliyotolewa kama Waraka wa Bunge Nambari 3 wa mwaka wa 2004, ilikadiria kwamba miji ilihitaji nyumba mpya 150,000 kila mwaka. Ruwaza ya mwaka 2030, iliyozinduliwa mwaka wa 2008, ilitaja nyumba 200,000 kwa mwaka kufikia mwaka wa 2012. Ajenda Nne Kuu ya mwaka wa 2017 iliahidi nyumba 500,000 katika miaka mitano. Serikali iliyoingia mwaka wa 2022 ikarejelea 200,000 kwa mwaka. Mwanafunzi wa sarufi atagundua kwamba tarakimu hizi karibu zote husindikizwa na kitenzi kimoja: zitajengwa. Kiambishi cha wakati ujao kinaahirisha tendo, na kauli ya kutendwa inamficha mtenda. Nani atajenga? Kwa fedha za nani? Ndani yake ataingia nani? Umbo hilo la kitenzi halilazimiki kujibu.

Mavoko: Ujirani Uliochorwa

Mavoko ulikuwa mji wa kazi kabla ya kuwa mji wa makazi. Saruji, nyama ya Tume ya Nyama ya Kenya, na baadaye viwanda vya nguo vya eneo la bidhaa za kuuzwa nje, vilileta maelfu ya vijana pande za Athi River. Mlolongo ulipata jina lake kutokana na msururu wa malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa kwenye mizani ya barabara kuu ya Mombasa. (Wakenya wa umri fulani hukumbuka neno hilo kwa sababu nyingine, ya upigaji kura wa mwaka wa 1988.) Nyumba hazikufuata ajira kwa kasi iyo hiyo. Kilichofuata ni ploti.

Ploti, kwa maana ya mtaani, haimaanishi kipande cha ardhi peke yake. Ni safu za vyumba kimoja kimoja vilivyozunguka ua, vyenye bomba moja na vyoo viwili au vitatu vya pamoja, mwenye nyumba anayeishi kwingineko, na keyateka anayekusanya kodi na kufunga lango usiku. Mpangaji hulipa diposi ya mwezi mmoja kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Msamiati huu umekopwa na kukunjwa hadi ukatulia mdomoni, na unaeleza mfumo mzima wa makazi wa Machakos kwa usahihi usiopatikana katika waraka wowote wa sera. Katika waraka, mfumo huo unaitwa tu soko lisilo rasmi la kupangisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Serikali ya Kenya na Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi zilikubaliana kuanzisha mpango wa kitaifa wa kuboresha mitaa ya mabanda. Mkataba wa maelewano ulitiwa saini mwaka wa 2003 na mpango ukazinduliwa mwaka wa 2004. Kibera ilipata umaarufu kuliko sehemu nyingine: wakazi wa Soweto Mashariki walianza kuhamishiwa nyumba za muda za Lang'ata mwaka wa 2009, na nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka wa 2016. Mavoko haikuandikwa sana magazetini, lakini wazo lake lilikuwa jasiri zaidi. Kwa fedha zilizotokana na deni ambalo Finland ilikubali ligeuzwe kuwa mradi badala ya kulipwa, ilipendekezwa kujengwa ujirani endelevu kwenye hekta 22 za ardhi ya serikali, wenye nyumba 462 pamoja na huduma za kijamii. Badala ya kubomoa mabanda na kujenga juu yake, mradi huu ulikusudiwa kuanza kwenye ardhi tupu, kuwafundisha vijana mafundi kufyatua matofali ya udongo ulioshindiliwa, na kuwaandaa wanyonge kujiunga katika vyama vya ushirika vya nyumba.

Neno ujirani katika jina hilo lilistahili kuzingatiwa kuliko lilivyozingatiwa. Katika Kiswahili, ujirani ni uhusiano, wala si eneo. Majirani ni watu wanaoazimana chumvi na kuzikana. Kuchora ujirani juu ya karatasi kabla ya watu kufika ni kuchukulia kwamba uhusiano utafuata kuta. Wakazi wa mitaa ya mabanda, kwa upande wao, wana ujirani tayari ila hawana kuta. Ndiyo maana chama chao cha kitaifa, kilichoundwa mwaka wa 1996 wakati ubomoaji ulipokuwa umeshamiri, kinajiita Muungano wa Wanavijiji. Hawakujiita watu wa mabanda. Kijiji ni neno walilojichagulia, lenye wazee, mipaka na kumbukumbu ndani yake, na tofauti yake na mtaa wa mabanda ni kwamba la pili huwatazama wakazi kwa kupitia vifaa vya ujenzi wao. Mtu hawezi kubomoa kijiji kwa urahisi anaobomoa banda, angalau katika sentensi.

Orodha Iliyobandikwa Ukutani

Mpango uliogusa mji wenyewe wa Machakos kwa karibu zaidi ni ule wa kuboresha makazi yasiyo rasmi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka wa 2011 kwa mkopo wa dola milioni 100, pamoja na michango ya Sweden na Ufaransa. Machakos ilikuwa miongoni mwa manispaa 15 zilizoteuliwa. Awamu ya pili iliidhinishwa mwaka wa 2020. Mpango huu haukujenga nyumba hata moja, na huo ndio uzuri wake. Uliachia wakazi kuta zao na kushughulikia kilichokuwa kati ya kuta: njia za miguu, mitaro, maji, maji taka, na zile taa ndefu za mlingotini ambazo wananchi wamezipa jina la mulika mwizi. Ndani ya jina hilo la mzaha mna tathmini kamili ya mradi, kwa maana linasema nani alikuwa akinufaika na giza.

Sehemu ya pili ya mpango ilikuwa nzito zaidi, nayo ni usalama wa umiliki. Utaratibu wake una hatua zinazofuatana. Wapima ardhi hupima mtaa. Wahesabuji huingia nyumba kwa nyumba na kuandika nani anamiliki jengo lipi na nani anaishi humo. Wakazi huchagua kamati ya mtaa. Orodha ya majina hubandikwa hadharani ili mwenye malalamiko ayatoe. Ramani ya mpango wa mtaa huandaliwa, barabara zikapanuliwa pale inapobidi, viwanja vikawekewa alama, na mwishowe hutolewa barua za mgao na hatimaye hatimiliki.

Kila hatua katika hizo ni tendo la lugha. Mhesabuji anapobisha mlango na kuuliza, “Wewe ni mwenye nyumba au mpangaji?” swali lake linaugawa mtaa sehemu mbili. Katika mitaa isiyo rasmi ya miji ya Kenya, walio wengi ni wapangaji. Jengo la mabati lenye vyumba kumi lina jina moja la mmiliki na majina kumi ya wanaolipa. Hatimiliki itaandikwa jina moja. Barabara ikishatiwa lami, taa ikawaka na mtaro ukajengwa, thamani ya chumba hupanda, na mwenye hati ana kila sababu ya kupandisha kodi. Wale ambao umaskini wao ulitajwa ili mkopo utolewe wanaweza kujikuta wakihamia mtaa mwingine usio na taa. Wachambuzi wa maendeleo ya miji wamelijadili tatizo hili kwa miongo kadhaa, na waandalizi wa mpango wenyewe walilifahamu. Kuna majibu yaliyojaribiwa, kama vile umiliki wa pamoja wa jamii unaozuia uuzaji wa haraka, au mikataba ya kodi kwa kipindi maalum. Yote yanadai kwamba mpangaji awe na kiti katika kamati ya mtaa. Mpangaji asiyejua kwamba orodha iliyobandikwa ukutani ina muda wa kupingwa hawezi kudai kiti hicho.

Ulinganisho na Tanzania unasaidia hapa. Kufuatia Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 1999, serikali ya Tanzania ilianza katika miaka ya 2004 na 2005 kutoa leseni za makazi kwa waliojenga katika maeneo yasiyopimwa ya Dar es Salaam. Mpangaji wa Manzese hakupata leseni pia. Tatizo la umiliki ni lile lile. Tofauti ni kwamba mjadala wote ulifanyika kwa maneno yaliyokuwa mdomoni mwa kila mtu: leseni ya makazi, urasimishaji, mjumbe, serikali ya mtaa. Machakos mambo hupitia tafsiri mara mbili. Hati huandikwa kwa Kiingereza, ofisa huieleza mkutanoni kwa Kiswahili cha papo kwa papo, na mzee aliyeketi mbele huwafafanulia wenzake kwa Kikamba. Kufikia hapo, barua ya mgao, ambayo ni ahadi yenye masharti, mara nyingi imekwisha kugeuka kuwa “taito”. Watu wameuza na kununua kwa imani hiyo.

Nafuu ni ya Nani?

Istilahi nyumba za bei nafuu imezoeleka kiasi kwamba haihojiwi. Nafuu ni hali ya kupungukiwa na taabu. Mgonjwa hupata nafuu. Ikiambatanishwa na bei, huelekeza macho kwa bidhaa: bei imeshuka ikilinganishwa na bei nyingine sokoni. Istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa hivyo hufanya kinyume, kwa maana humpima mnunuzi na kuuliza kama ana uwezo. Nyumba inaweza kuwa ya bei nafuu kwa kipimo cha Kiswahili, yaani rahisi kuliko ya jirani, na bado isiwe ndani ya uwezo wa mtu wa kiwandani. Wanasiasa wamefaidi pengo hili bila hata kulikusudia.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 imejaribu kuliziba. Asili yake inafahamika. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara, unaolipwa na mfanyakazi na kiasi sawa na mwajiri, uliingizwa katika Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023. Mahakama Kuu iliubatilisha tarehe 28 Novemba 2023, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba uliwabana walioajiriwa rasmi na kuwaacha wengine. Bunge likatunga sheria kamili, iliyotiwa saini tarehe 19 Machi 2024, ikiwatoza pia wasio na ajira rasmi, na mwezi Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikaiidhinisha. Sheria hiyo inapanga watu kwa madaraja ya mapato: nyumba za kijamii kwa wenye mapato yasiyofika Sh20,000 kwa mwezi, nyumba za bei nafuu kwa wenye mapato kati ya Sh20,000 na Sh149,000, na daraja la juu kwa wanaozidi hapo. Ni hatua ya maana, kwa kuwa kwa mara ya kwanza sheria inamtaja mnunuzi kabla ya kutaja nyumba.

Hesabu ndogo inaonyesha mahali kazi ilipobaki. Mfanyakazi wa Athi River anayepata Sh15,000 hukatwa Sh225 kila mwezi, na mwajiri wake hutoa Sh225 nyingine. Kwa mwaka, Sh5,400 huingia katika hazina ya nyumba kwa jina lake, ila si kwa akaunti yake, kwa maana ushuru huo si akiba na haumhakikishii chumba. Nyumba za kijamii za Mukuru zilipoanza kukabidhiwa mwezi Mei mwaka wa 2025, malipo ya chumba kidogo kabisa yalitangazwa kuwa Sh3,900 kwa mwezi hadi mlipaji aimiliki. Kiasi hicho kinakaribiana na kodi ya ploti, na kama kitadumu hivyo kwa wingi unaotosha, hata wakosoaji watalazimika kukubali kwamba jambo limetendeka. Swali ni wingi. Mradi wa Mavoko uliozinduliwa mwaka wa 2022 ulipangiwa nyumba 5,360; wilaya ndogo ya Athi River ilikuwa na watu zaidi ya 320,000 miaka mitatu kabla ya hapo.

Ikumbukwe pia kwamba Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na ya kutosha, na viwango vya kuridhisha vya usafi. Katiba haikusema nyumba ya kununua. Makao, kama makazi na mkazi, yanatokana na -kaa, na haki ya kukaa haimlazimishi mtu kuwa mmiliki. Hata hivyo, mpango mkuu wa sasa umejengwa juu ya umiliki, na ploti, ambamo watu wa Mavoko wanakaa hasa, haina sura yake ndani ya sheria ya mwaka wa 2024. Kusaidia wenye ploti kuongeza vyoo na mabomba kwa sharti la kutopandisha kodi ni kazi ambayo manispaa ingeweza kuifanya kwa gharama ndogo. Bodi za manispaa zipo: chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011, na kwa msukumo wa mpango wa kusaidia miji ulioanza mwaka wa 2017, kaunti ilipata manispaa tatu za Machakos, Mavoko na Kangundo-Tala.

Notisi

Yote yaliyotangulia yanahusu kujenga. Kwa wakazi wengi wa Mavoko, hata hivyo, serikali imeonekana waziwazi zaidi wakati wa kubomoa. Mwezi Novemba mwaka wa 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa madai kwamba zilikuwa kwenye ardhi ya viwanja vya ndege. Hayakuwa mabanda, zilikuwa nyumba za mawe za watu wenye mishahara, waliokuwa na karatasi mikononi. Mwezi Oktoba mwaka wa 2023, baada ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Machakos kuamua kwamba ekari 4,298 zilikuwa mali ya kampuni ya saruji ya East African Portland, matingatinga yaliingia tena Mavoko. Waliopoteza nyumba walisema walinunua viwanja vyao kwa fedha taslimu kutoka kwa makundi yaliyojidai kuwa wenye ardhi, na baadhi walionyesha vyeti vya uanachama walivyodhani ni hati.

Kati ya matukio hayo mawili sheria ilikuwa imebadilika. Marekebisho ya mwaka wa 2016 katika Sheria ya Ardhi yaliweka utaratibu wa kuwaondoa watu. Ikiwa ardhi ni ya umma, uamuzi utangazwe katika Gazeti rasmi la Serikali, katika gazeti la taifa, na kwa redio katika lugha ya wenyeji inapofaa, angalau miezi mitatu kabla. Ikiwa ni ardhi ya mtu binafsi au kampuni, kifungu cha 152E kinataka notisi ya miezi mitatu isiyopungua, iliyoandikwa, na ikiwa watu ni wengi ichapishwe katika magazeti mawili na kubandikwa mahali pasipopungua 5 ndani ya ardhi yenyewe. Kuhusu lugha ya notisi hiyo, kifungu kinasema iwe katika lugha ya taifa na rasmi.

Wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kulisoma fungu hilo la maneno mara mbili. Kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kiunganishi na kinadai sifa zote mbili kwa pamoja. Ni lugha moja tu nchini Kenya inayozitimiza. Kwa usomaji huu, notisi iliyoandikwa kwa Kiingereza pekee haijatimiza sharti la sheria, hata kama imebandikwa kwenye kila nguzo. Wakili anaweza kujibu kwamba watunga sheria hawakukusudia uzito huo, na huenda ni kweli. Lakini maneno yaliyopitishwa ndiyo haya.

Jambo jingine katika kifungu hicho linahusu wanaoandikiwa. Sheria haikusema notisi apelekewe mwenye jengo. Ilimtaja mtu anayeikalia ardhi bila idhini ya mwenyewe, na anayeikalia ni pamoja na aliyelipa diposi kwa keyateka juzi. Ushuru wa nyumba unamtambua mpangaji kama mlipaji. Orodha ya hatimiliki inamruka. Karatasi inayomtaja kikamilifu, kwa kuwa ni mkazi na bila kuulizwa jengo ni la nani, ni ile inayompa miezi mitatu ya kuondoka.